Wimbo wa Kupona Kwako

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo, kisha nikaiweka kalamu kando kama ninayengoja uitikie. Mazoea hayo. Nakuamkia vivyo hivyo, maana ulinilea hivyo, ingawa leo sina la heri la kukueleza. Nimekasirika, Mama. Nimekasirika tangu siku tuliyokuzika, na watu wanaoniambia muda utaniponya naona kama wananitukana.

Nianze na habari za nyumbani, usije ukasema nimekuja mikono mitupu. Nimehama Tabora. Ninakaa katika nyumba yako na binti yangu, Mariamu mdogo, wajina wako. Baba yake amebaki kule Tabora na kazi yake ya reli, huja akipata ruhusa. Karanga zako nimezilima mwenyewe, na matuta yangu yamekwenda upogo, ungeyaona ungecheka mpaka ujishike mbavu. Kuku wako yule mweupe, mwewe kamchukua. Kule Urambo Wazungu wameleta matrekta kulima karanga, yanang'oa miti na mizizi yake, na watu wanatoka huku kwenda kuyatazama tu na kurudi. Habari za nyumbani ndizo hizo.

Habari nyingine ni kwamba bado unaimbwa.

Ule wimbo waliokutungia wa kupona kwako haukufa nawe. Mwezi uliopita nilikuwa stesheni ya hapa kwetu nikimngoja mume wangu, wakashuka vijana wa kwaya, sijui wa kanisa gani, wakaanza kuimba huku wakipanga mizigo yao. "Mariamu kasimama, mkono wa mtu haukumgusa." Walikuwa na sauti nzuri. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasimama pale na kikapu changu cha michembe ya viazi, nikamsikia mama yangu akiponywa mbele yangu, na kaburi lako nilikuwa nimetoka kulipalilia asubuhi. Nilitaka kuwarushia kikapu. Sikuwarushia. Hawakujua, na ningeanzia wapi kuwaeleza?

Mkono wa mtu haukukugusa! Na Salum je? Yule dresa wa dispensari aliyekuchoma sindano kila Jumanne, mikono yake ilikuwa ya nani? Mungu anajua ulivyompenda mtu yule. Ulipoanza kuumwa, umevimba shingo, unasinzia na mwiko mkononi huku ugali unaungua, sisi wengine tulidhani ni uchovu wa mavuno. Yeye ndiye aliyekutoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kioo, akakuita utazame ndani ya darubini. Mara ngapi umenisimulia! Ukaona vile vidudu vya malale vinavyopinduka katikati ya damu yako, ukasema, "Kumbe ndio hawa! Mbona wana haraka hivyo?" Mtu mwingine angelia. Wewe ukamuuliza, "Nani kawaumba hawa?" Salum, na kofia yake ya kitani, akakujibu, "Aliyekuumba wewe, mama." Ukafikiri kidogo, ukamwambia, "Basi mimi nitamwomba yeye awatoe, na wewe uwachome. Tusaidiane."

Mambo yakaisha hapo. Hukuhitaji mtu wa kukufundisha. Kila Jumanne ulikaa kwenye lile benchi, ukafumba macho, ukasema kwa sauti watu wote wasikie, "Bwana, mshike mkono Salum usitetemeke." Naye Salum, Mwislamu wa watu, akaitika "Amina," kisha akaingiza sindano. Nilikuwepo siku moja. Nilicheka hadi machozi, ukanifinya.

Shemeji yangu aliyeko seminari Kipalapala alikuja kutupa pole baada ya msiba. Akanieleza kwa utaratibu sana, kwa vidole, kwamba imani na elimu ya kisasa hazigombani, kwamba ukweli ni mmoja. Ni kijana mwema. Nikamwambia, "Najua. Mama yangu alijua kabla hujazaliwa. Wanaogombana ni watu." Akaomba maji ya kunywa.

Ndiyo, watu. Hukuumizwa na Mungu wala na sindano. Ulianza kupata nafuu, ukarudi kula, ukarudi kusema utani, na ikawa Jumapili ya shukrani ya mavuno. Mwinjilisti Elia akakuomba usimame utoe ushuhuda. Nani angekataa? Ulikuwa umefufuka mbele ya macho yao. Ukasimama na kanga yako ya sherehe, ukasema Bwana amekuponya. Mke wa jirani ananiambia uliwataja wote wawili, Bwana na Salum, lakini lile jina la pili lilizamishwa na vigelegele. Elia akapaza sauti, akasema huyu hakuponywa na mwanadamu. Kwaya ikatunga papo hapo. Walikuvisha kilemba cha ukoka, Mama, mbele ya maboga na mahindi ya sadaka, na wewe hukuwa mtu wa kuvua kitu ulichovishwa na watu wa Mungu.

Jumanne iliyofuata ukachukua fimbo yako kwenda dispensari. Barabara ni hiyo moja, njia ya zamani ya misafara, aliyopita babu na pembe za ndovu begani kwenda pwani. Kanisa limejengwa palepale walipokuwa wakipiga kambi, na hakuna anayekwenda dispensari bila kupita mlangoni pake. Mke wa Elia alikuwa anafagia. Akakuuliza, kwa upole kabisa, hakuwa na nia mbaya, "Unakwenda wapi tena, Mama, si umeshapona?" Ukamwambia unakwenda kumsalimu mtu. Ukapita hatua chache, ukageuka, ukarudi nyumbani.

Haya uliniambia mwenyewe, umelala, nilipofika kutoka Tabora nikakukuta huwezi tena kushika kikombe. Nikakuuliza kwa nini hukumaliza sindano. Ulinitazama kama mtoto aliyeulizwa jambo gumu, ukasema, "Nitapitaje pale, mwanangu, na watu wameshaimba?" Wiki nyingine ulijaribu kuzungukia porini, penye nzi walewale wa ndorobo waliokutia malale, ili tu mtu asikuone. Miguu ikakuishia njiani. Waliokuokota walikuwa warina asali, wakakurudisha nyumbani kwa sababu uliwasihi wasikupeleke kokote. Uliona aibu kumfanya Mungu aonekane mwongo. Uliiogopea heshima yake kuliko yeye mwenyewe anavyoiogopea. Nikifika hapa kalamu inanikatalia.

Na daktari wa Kizungu naye, usidhani nimemsahau. Alipita kwenye ziara yake siku zako za mwisho, Salum akamleta. Alisimama mlangoni, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, "Kwa nini hukumaliza? Ninyi watu wa maombi hamna akili." Hakungoja jibu. Salum alibaki nyuma, akachuchumaa kando ya kitanda chako, akakuomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Msibani Elia akatangaza kwamba Bwana anajua mioyo, na kuna wakati imani hupungua. Basi kwa mmoja ulipungukiwa akili, kwa mwingine imani. Nilikaa pale mkekani, kichwa kimefunikwa, nikawasikiliza wakikugawana. Hata mmoja wao hakuuliza wewe mwenyewe ulikuwa umesema nini.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Mariamu mdogo ana malale.

Usishtuke, tuliwahi. Alianza na homa, akaanza kusinzia mchana juu ya chakula, na mimi safari hii sikusema ni uchovu. Salum akatazama damu yake, akaniita kwenye darubini nami nikawaona. Si wazuri, Mama, sijui wewe uliwaonea huruma gani. Tukaanza sindano. Mtoto alikuwa akipiga kelele, nikamshika, nikajikuta nasema maneno yako yaleyale, "Bwana, mshike mkono Salum," na Salum akajibu "Amina," kisha akageuka ukutani kwa muda. Nusu ya sindano ameshachomwa. Anakula. Anakimbia na kuku. Juzi amevunja chungu chako kile cha maziwa, nikamkumbatia badala ya kumchapa.

Na kwa kuwa anakimbia, wamemwona.

Elia alikuja na wazee wa kanisa wawili. Niliwakaribisha vizuri, nikawawekea michembe na karanga, wakala. Akasema mtoto amepona, Bwana atukuzwe, Jumapili ya mavuno nimlete mbele. Akasema kwa furaha ya kweli, naapa, kwamba kwaya ingependa kuongeza ubeti wa pili. Bibi na mjukuu, jina moja, mkono mmoja wa Bwana. Nikamwambia hajapona, bado sindano. Akanijibu, "Hizo atamalizia baadaye, kimyakimya. Hakuna anayekataza." Mama, unasikia? Kimyakimya! Mtu anayemeza kwinini kila akishikwa na homa, mbele ya mkewe na watoto wake, anataka mjukuu wako aende kwa dresa kama mwizi wa kuku. Nawe ulikuwa hukatazwi. Hakuna aliyekukataza hata siku moja. Waliimba tu.

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikasimama, nikasema, "Wimbo wenu ndio uliomuua mama yangu." Nilisema kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Mzee mmoja akaweka chini karanga alizokuwa nazo mkononi, moja moja, akainuka. Elia hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinisikitikia. Akasema nimewasingizia watu wa Mungu na nimemsingizia Mungu mwenyewe, na kwamba ananihurumia kwa uchungu wangu.

Jumapili wakanitangaza. Nimetengwa na meza ya Bwana mpaka nipige magoti mbele ya watu na kukiri kwamba nilisema uongo. Jioni Elia akaniletea neno kupitia mkewe kwamba kuna njia rahisi zaidi. Nimlete mtoto siku ya mavuno, asimame, waimbe, yote yatasahauliwa. Huyo mama aliniambia huku analia. Nadhani hata yeye anaikumbuka ile asubuhi ya ufagio, lakini hakuitaja, nami sikumsaidia.

Nimefikiri, Mama, usidhani nimekurupuka. Nimejiuliza kama ningeweza kufanya yote mawili, asimame Jumapili na Jumanne twende. Yeye ni mtoto, angesahau. Lakini angekuwa ameshaimbwa. Wenzake wangemwimbia njiani. Siku homa ingemrudia, mimi mwenyewe ningesitasita, hata kama ni kwa usiku mmoja, nikiwaza watu watasemaje. Wewe ulikuwa jasiri kuliko mimi na ulishindwa kuupita ule mlango.

Mume wangu ananiambia nipige magoti tu, maneno ni maneno. Kwake ni rahisi, yuko Tabora. Anachoogopa kusema ninakijua, maana nami nakiogopa. Waliotengwa hawazikwi katika makaburi ya kanisa. Wanazikwa ng'ambo ya ukuta wa makaburi, kwenye kichaka, bila kengele na bila wimbo. Na pale ulipolala wewe pamebaki nafasi ya mtu mmoja kati yako na ukuta. Nilipokuwa nikipalilia, nilikuwa nikilala hapo kidogo, nione kama nitatosha. Ninatosha.

Sijamwacha Mungu. Nataka ulijue hilo kwa kinywa changu kabla hujaletewa na wengine, kama huko mnaletewa habari. Namwomba kwenye lile benchi la dispensari, na pale ananisikia vizuri kama popote. Ila nimewachoka wanaomtetea kwa mwili wa mtu mwingine. Na nimekukasirikia wewe pia. Ndiyo, nawe. Kwa nini hukupita? Wangekucheka wiki moja! Ungekuwa hapa sasa, unanigombeza kwa ajili ya matuta yangu, unamwogesha huyu mtoto anayekuuliza kila siku kwa nini anaitwa jina lako. Nisamehe. Hapana, usinisamehe bado, maana bado nina hasira.

Kesho ni Jumanne. Tutapita barabarani, mchana kweupe, mtoto mkononi. Mke wa Elia akiniuliza nakwenda wapi, nitamjibu.

Kwaheri, Mama. Nakuahidi Mariamu atamaliza sindano zake zote, hata ya mwisho. Ile nafasi kando yako, wakiuliza ni ya nani, waache wampe mtu mwingine.

Mwanao,
Rebeka