Fereti wa Fifi na Maneno Yangu Mbele ya Baraza

Adelphi, Maryland

Dada yangu Mama Neema,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi hii inayogandisha mpaka mate mdomoni. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili mzima. Juzi basi lilikwama kwenye theluji na abiria wake, nikalisukuma peke yangu likatoka. Haya, tulikuwa wengi. Ila wa mbele ni mimi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningekuchekesha, na hili halichekeshi.

Unajua nafanya kazi duka la wanyama, upande wa Wheaton. Watu wa huku wanafuga mnyama anaitwa fereti. Mfikirie kicheche, yule mwizi wetu wa kuku, lakini huyu analala na watoto kitandani na anavalishwa kengele. Siku naanza kazi bosi aliniuliza kama nawajua. Nikamwambia kwetu Singida nimekuza vicheche mpaka wakawa wananifuata sokoni, na mabwana mifugo walikuwa wanakuja kwangu kuuliza. Tangu siku hiyo dukani naitwa Daktari. Nilipenda, Dada. Nisikufiche.

Basi baada ya Krismasi likaja boksi la watoto wa fereti kutoka kwa mfugaji, wadogo wa kukaa kiganjani. Bosi ana kawaida yake ya kutouza mtoto kabla ya wiki nane, lakini karatasi za mfugaji hazikuja. Akaniita: "Daktari, hawa wamefika?"

Nikamshika mmoja, nikampanua mdomo kama tunavyompanua mbuzi mnadani. Nikaona meno. Nikasema, "Wamepita hapo. Uza."

Kumbe mnyama huyu anaota meno angali ananyonya. Ya kutazamwa ni mengine, chonge za pili, zinazokuja baadaye. Sikujua. Na neno "sijui" lilikuwa rahisi tu kulitamka.

Wa kwanza kununua alikuwa Mama Fifi, Mkongo, jirani yangu hapa ghorofani, anahudumia wazee huko Arlington. Binti yake Fifi alikuwa amelilia fereti mwaka mzima. Muuzaji mwenzangu alitaka kumweleza habari za zile karatasi, Mama Fifi akamkata, akiniita mjomba kwa Kifaransa chao: "Mimi namsikiliza Tonton. Tonton akisema ni mzima, ni mzima."

Siku chache baadaye akanigongea mlango. "Tonton, huyu hali chakula. Anatafuta ziwa kwenye kidole cha mtoto."

"Anadeka tu," nikamwambia. "Wa kwangu walikuwa hivyohivyo."

Wa kwangu! Dada, nilikuwa na wa kwangu wapi?

Walipompeleka kwa daktari wa kweli, akawaambia alitolewa kwa mama yake mapema mno, chakula kikavu kimemchoma tumbo, na baridi imemwingia. Wakaja kwangu naye, maana Fifi aliamini nitamponya. Nikachemsha maziwa, nikamdondoshea kwa bomba la sindano. Hakumeza. Akafia ndani ya soksi ya Fifi, kwenye kochi langu. Fifi anaelewa Kiswahili ila anajibu Kiingereza. Aliniuliza kama mama yake fereti bado anamtafuta.

Kesho yake nikamwambia bosi waliobaki watolewe dirishani. Akawatoa, tena haraka, wakarudishwa kwa mfugaji. Lakini akanipa kazi nyingine. Baraza la kaunti lilikuwa linasikiliza watu kuhusu sheria mpya: mtoto wa fereti asiuzwe bila daktari wa mifugo kuthibitisha umri wake, na dukani apate joto na chakula laini. Bosi hakuitaka, gharama. "Nenda Daktari, waambie duka letu tayari lina mtaalamu."

Nilivaa ile suti ya harusi ya Neema. Bosi amekaa mstari wa mbele. Nyuma namwona Mama Fifi na sare yake ya kazini. Wajumbe wa baraza wakaniuliza nimesomea wapi wanyama.

Nikasema, "Sijasomea. Kwetu nilichunga mbuzi. Mtoto wa fereti amekufa kwa sababu niliulizwa umri wake nikajibu."

Ningependa kukuambia ukumbi mzima ulisimama ukanipigia makofi. Hawakusimama. Mtu mmoja alikohoa. Mama mmoja wa baraza akaniuliza, kwa upole tu, sheria iseme nini.

"Iseme mtu kama mimi asiulizwe," nikamwambia.

Hawajaamua bado. Bosi hajanifukuza, ila ananiita kwa jina langu na amenihamishia kwenye kufagia. Mama Fifi tulikutana kwenye ngazi. Akasema, "Merci, Tonton, umesema kweli. Lakini kwa sasa usije nyumbani." Nikamwambia sawa. Naisikia televisheni yao kupitia ukuta.

Msalimie mama, mwambie nakula. Msalimie shemeji yangu mwenye kikohozi, na Neema na mumewe, na baba mdogo fundi baiskeli, na mwinjilisti aliyenifundisha kusoma. Wakikuuliza mimi ni nani huku, waambie nafagia duka la wanyama.

Ni mimi mdogo wako ninayekukumbuka,
Yona