Kitenge Nilichoshindwa Kununua

Lubumbashi

Mudogo wangu Riziki,

Mi yaya yako, dada yako mukubwa, niko muzima, magoti tu ndiyo inanisumbua nikipanda ngazi. We na batoto muko aje? Na huko Baraka samaki ndagala inatoka, ao ziwa imekataa?

Nasikia munasema mi mama Sifa niliharibia mutoto wangu kazi. Keti nikueleze mwenyewe.

Sifa anatengeneza kurasa za intaneti, zile bantu banafungua kwa telefone. Katika Fizi yote hakuna wa kumupita, nasema wazi. Lakini baba yake, anayebaki Fizi-Centre, alishaapa: mutoto akikosa kazi hapa, arudi kule afundishe shule. Basi bureau moja, ofisi yenye kutafuta mutu mumoja tu wa kazi, ikamuita, yeye na kijana mumoja, kila mutu atengeneze ukurasa wa kuuzisha bitenge. Nilimusindikiza, nikakaa inje.

Chef, mukubwa wa bureau, akatoka. "Mama, unajua telefone? Kuja ujaribu kununua."

Hakuuliza mi ni mama ya nani. Na kurasa hazikuwa na majina.

Ya kwanza, herufi ndogo kama mayai ya samaki, lakini nilinunua. Ya pili, yoo, maua inatembea, rangi inawaka, fasi ya kufinya ili ulipe sikuione. Nikasema: "Huyu anapenda maua kuliko mununuzi. Mi naenda kwa mwingine."

Chef akaita bale bawili, akasema hiyo ya pili ni ya Sifa.

Yule kijana akacheka. Nikamuambia chef: "Ni mutoto wangu, na neno langu silirudishe."

Chef akamuuliza kijana kwanza juu ya herufi zake. Akajibu: "Mama hakusoma, ndiyo maana."

Nilisoma mpaka darasa ya tano, na pesa yangu naijua.

Chef akamugeukia Sifa. Alikaa karibu yangu kama hanijui, akauliza: "Mama, ulianza kutafuta wapi?" Nikamuonyesha kwa kidole. Akaondoa maua yote, fasi ya kulipa akaipandisha juu. Nikanunua mara moja.

Njiani alitembea mbele yangu kwa hasira mpaka nyumbani. Akasirike tu. Kazi amepata, ameshaanza, na kesho bakiniita tena nitasema vile vile.

Salimia mama yetu, muchungaji wetu, na ule jirani muuza mafuta aliyekuletea hiyo habari. Yeye musalimie mara mbili.

Na shemeji yako, baba Sifa, umuambie hivi: shule ya Fizi itafute mwalimu mwingine.

Ni mimi yaya yako, mama ya Sifa