Sidiria ya Shemeji Vero

Jumanne, Nyololo

Leo gari la serikali la kupima saratani bure limepaki sokoni, karibu kabisa na meza yangu ya sidiria za mtumba. Nikawatania akina mama, nendeni mkapime, nyie mkiwa wazima ndo mimi nauza.

Shemeji Vero, mke wa kaka, akaenda. Katoka na nesi, wakasimama karibu na meza yangu. Nesi anamwambia kuna uvimbe kwenye ziwa, aende Mbeya wakate kinyama wapime, siku hizi hata matibabu yapo huko, sio mpaka Dar. Akamuuliza, "Ulianza lini, mama?"

"Tangu Pasaka. Sidiria ilianza kunibana upande mmoja."

Sidiria yenyewe nilimuuzia mimi. Kairudisha mara tatu, na mimi kila mara napayuka, "Shemeji, kaka anakulisha upande mmoja tu?" Watu wanacheka. Na yeye anacheka.

Angekuwa dada yangu ningemuuliza vizuri. Ila shemeji ni wa kutaniwa, ndo tulivyolelewa...

Jioni nimempelekea sidiria moja laini, ya kuendea Mbeya. Akaniangalia. "Mbona leo hunitanii, shemeji? Kwani nimeshakufa?"