Minara Miwili ya Sukari

Jumatano, 3 Mei

Nyumba ya babu imekuwa "kito cha kihistoria". Ndivyo lisemavyo tangazo, na aliyeliandika ni dalali, Si Larbi, yaani Bwana Larbi. "Kijumba cha kale katika mji wa wachoraji, hatua chache kutoka bandarini, kimekarabatiwa kwa upendo." Kwa upendo! Miaka mitatu nimegombana na mafundi. Fundi wa vigae aliniita mkoloni. Sasa dari haivuji, choo kina mlango, ngazi haiui mtu. Na kwa kuwa hatimaye nyumba inakalika — inauzwa.

Uamuzi ni wa Driss, kaka yangu. Yeye yuko Ghent, ughaibuni, alituma pesa za ukarabati, mimi nikasimamia. Sikujua nasimamia nini. Kwenye simu kasema haraka haraka, kama kawaida yake: tunauza, wewe na shangazi mnahamia ghorofa mpya kule juu, kuna lifti, shangazi atapapenda.

Atapapenda! Shangazi Rhimo ana miaka themanini na miwili, na yote kailala humu ndani. Hajaambiwa. Driss kasema wewe ndiye uliye karibu naye, mwambie wewe.

Nitamwambia Ijumaa.

Jumamosi, 6 Mei

Ijumaa alipika kuskusi. Nani avuruge kuskusi?

Leo kaletwa mteja. Bwana Lucien Favrot, Mfaransa, sitini na kitu, alikuwa mtengeneza miwani, kastaafu. Kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikamwonyesha dari ya mbao, vigae, kisima. Ndiyo, ndiyo, vizuri. Kisha akatoka kichochoroni akasimama nusu saa akimtazama samaki.

Huyo samaki! Kila kiangazi wachoraji wanakuja kupaka kuta za mji mkongwe, na kabla ya kiangazi kingine majirani wanapaka chokaa juu yake, kuta ziwe safi. Ndivyo tulivyo. Samaki wetu wa buluu mwenye jicho la mwanamke kadumu miaka sita, na wala si kwa sababu tunapenda sanaa. Shangazi alivunjika nyonga mwaka uleule samaki aliochorwa, na mwenye kupaka chokaa nyumbani kwetu alikuwa yeye. Baadaye mchoraji akafa, akawa mashuhuri, nasi tukawa "walinzi wa urithi". Tulipewa na cheti. Shangazi anafunikia mtungi wa zeituni.

"Bila samaki," kasema Bwana Favrot, "ni nyumba tu."

Nyumba tu! Kwa hiyo miaka mitatu nilikuwa nakarabati fremu ya picha.

Shangazi akaniuliza nani yule. Ningesema. Nikasema: mgeni, anapenda vitu vya kale.

Akanitazama juu mpaka chini. "Basi kafika. Wewe una hamsini na moja."

Jumanne, 9 Mei

Nimerudi kutoka kazini, mnada wa samaki — nimeandika mizani ya dagaa tangu asubuhi, nanuka bandari nzima — namkuta Bwana Favrot sebuleni. Peke yake, bila dalali! Shangazi kamkalisha mahali pa babu, anamlisha chapati za asali kwa mkono wake. Anaongea naye Kihispania, kile cha utotoni mwake, maana kwa shangazi Wazungu wote wametoka ng'ambo pale. Yeye anajibu kwa Kifaransa. Wameelewana vizuri sana.

Alipoondoka:

"Ana mke?"

Amefiwa, shangazi.

"Watoto?"

Hana.

"Anasali?"

Shangazi!

"Nimeuliza tu. Aliyevua viatu bila kuambiwa, hata shahada haitamshinda."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini alikuwa anaimba akiosha vikombe, na sijamsikia akiimba tangu nyonga ile. Nikaufunga.

Alhamisi, 11 Mei

Driss kapiga. Umemwambia? Karibu. Karibu nini? Karibu nimwambie. Kasema mimi mwoga. Nikamwambia njoo wewe shujaa uje umwambie. Akasema mtandao mbaya, hanisikii.

Jumamosi, 13 Mei

Yarabi, nimekwisha.

Bwana Favrot aliingia dukani kwa Bachir, mwanzo wa kichochoro, akauliza: mtu akienda kwa familia kwa jambo zito, anachukua nini? Alitaka kuwa na adabu, masikini. Kesho yake angemtajia Driss bei anayotoa, leo akaona aje kwanza na heshima. Bachir akauliza, familia ipi? Akaambiwa. Jambo zito kweli? Zito sana. Na Touria — ndiye mimi — analijua? Ndiyo, Madamu Touria analijua.

Bachir naye kafanya kama babake angefanya. Sinia. Minara miwili ya sukari ngumu, ile ya posa, katika karatasi yake ya buluu. Maziwa, tende, hina. Kitambaa cha kufunikia, hicho bure, zawadi ya duka. Na Mfaransa wa watu akapita na posa kamili mikononi, kutoka dukani hadi kwetu, mchana kweupe, kila dirisha lina vichwa vitatu!

Shangazi kalipokea sinia kwa mikono miwili. Akalia. Mara ya mwisho kumwona analia ilikuwa mazishi ya baba. Bwana Favrot naye macho yakamlowa. Akaniambia kwa Kifaransa, taratibu: sikujua kwamba kwenu kununua nyumba kuna utu kiasi hiki.

Nikakimbilia kwa Si Larbi. Kacheka mpaka kavua miwani ya jua, kumbe ana macho. "Dada Touria, usiharibu! Wiki ijayo anakuja na mwanasheria wake, atie neno la mwisho. Akishatia sahihi, mwambieni bibi mnachotaka."

Nikirudi, wanawake watano wananipongeza. Mmoja kasema afadhali, hata kama ni Mfaransa. Afadhali kuliko nini, sikuuliza.

Jumatano, 17 Mei

Nimekwenda kuitazama ghorofa. Ghorofa ya nne. Lifti ipo, imekwama ya pili, ndani kuna sofa ya mtu. Dirisha la jikoni linatazama dirisha la jikoni. Nikajaribu kumweka shangazi pale, kichwani mwangu, na kigoda chake na mtungi wake wa zeituni. Nikajiweka na mimi.

Sitaki. Haya, nimeandika. Sitaki kuuza. Kila kigae cha nyumba ile nimekichagua mimi, vilivyopasuka nimevirudisha dukani mimi. Driss anasema nyumba yetu. Mimi naijua inapolia upepo wa mashariki ukivuma.

Kumwambia Driss ni vigumu. Kumwambia shangazi ni vigumu zaidi. Kwa hiyo nimenunua mnanaa nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 19 Mei

Asubuhi, kabla sijaenda kazini, nasikia kishindo mlangoni. Shangazi. Ndoo ya chokaa, ngazi ukutani, brashi kaifunga kwenye tete, gauni kalikunja kiunoni. Miaka sita nyonga haiwezi hata kupanda basi, leo imepona.

"Posa haiingii nyumba chafu," kasema. "Alipoposwa mdogo wangu, ukuta huu niliupaka mimi. Alipoposwa shangazi yangu, aliupaka shangazi yake. Wewe umenichelewesha, lakini nipo."

Shangazi, nikasema, samaki.

"Samaki kakaa kwetu miaka sita halipi kodi. Na jicho lile hunifuata mpaka sokoni. Au unataka mchumba aingie akitazamwa na mwanamke mwingine?"

Bila samaki ni nyumba tu. Nilikuwa nayo hiyo ulimini, na nilikuwa na muda wa kutosha kuisema. Muda tele. Alikuwa bado anakoroga.

Nikasema: ngazi hiyo haijakaa sawa.

Nikaishika.

Alianza na mkia. Jicho lilikuwa la mwisho, halikukubali mkono wa kwanza, buluu ikarudi. Akapaka wa pili. Wa tatu nilimpokea brashi nikaupaka mimi, maana yeye hakuwa anafika.

Mnadani niliandika kreti za dagaa mara mbili mbili. Hakuna aliyegundua.

Jumamosi, 20 Mei

Saa kumi na nusu. Niko jikoni. Nimesema nakwenda kuleta chai. Maji hayajachemka, nimewasha moto mdogo kusudi.

Wamekuja. Nilikuwa dirishani. Bwana Favrot na mwanasheria wake wakapita mlango wetu, wakaenda mpaka kona, wakarudi. Wakapita tena. Alidhani kapotea kichochoro! Mara ya tatu akasimama mbele ya ukuta, mweupe kama shuka ya hospitali, akaweka kiganja juu yake. Nikasubiri aondoke.

Kavua viatu akaingia.

Sasa wako sebuleni. Shangazi na kaftani ya kijani na mkanda wa dhahabu wa bibi. Majirani wawili wamekaa tayari kupiga vigelegele, midomo imeshakaa mkao. Si Larbi hacheki leo. Driss yuko kwenye simu, kwa video, wameiegemeza kwenye mnara wa sukari. Na kabla mwanasheria hajafungua mkoba, shangazi katoa neno lake kwanza, kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Mwambie namkubali. Sharti langu moja tu. Binti yangu hatoki humu, na mimi sitoki. Yeye ndiye atakayehamia. Chumba cha juu kina jua. Mfasirie, Touria."

Driss anaelewa Kiarabu na Kifaransa. Ameona kila kitu: sinia, kaftani, vigelegele vinavyosubiri. Tangu aende Ghent sijawahi kumwona hana haraka. Kanitazama kutoka kwenye sukari. Akajifanya mtandao umekwama. Mwoga.

Bwana Favrot kanigeukia, kwa upole: Bi Mkubwa anasema nini?

Nikasema chai.

Kanifuata mpaka mlango wa jikoni. Akauliza swali jingine, taratibu, shangazi asisikie. Nani kapaka ule ukuta? Nikawa nachambua mnanaa. Akaitazama mikono yangu. Chokaa bado ipo kwenye kucha, zote kumi. Akarudi kukaa. Hajaondoka, amekaa palepale pa babu.

Ndimu ninayo hapa. Ningesugua kidogo ingetoka.

Birika linalia. "Touria!" — shangazi — "Mgeni anangoja jibu!"

Ndimu nimeirudisha kapuni. Nabeba sinia hivi hivi, na kucha zangu zote kumi nyeupe.