Juzuu ya Sita Haipo

Likasi, Jumanne jioni

"Kuandika mwaka ya kwanza na ya mwisho inatosha, Mama Béa. Za katikati, nani atauliza?" Ndivyo mkuu wa maktaba yetu ya chuo alivyosema, akifuta maneno yangu kwenye orodha ya majarida yetu, ile tunayozipelekea maktaba jirani: *juzuu ya sita haipo*.

Nani atauliza? Mimi nimeuliza leo.

Katika juzuu hiyo ndimo ilimo makala pekee ya marehemu mume wangu, kuhusu samaki wa ziwa Tshangalele. Nakala yetu iliibwa, ya nyumbani ikaozeshwa na mvua. Nikaenda maktaba jirani.

Papa Kalenga, mtunzaji wao, akashika kichwa. "Aïe, mama! Orodha yenu ilisema iko yote. Tukasema, ya sisi ya nini tena? Tukapatia bamama ba karanga, bafungie nayo karanga yao."

Sikumgombeza. Alituamini. Nimelia ndani ya teksi-bus, mimi ninayeogopwa mikutanoni. Sentensi ya mwisho ya makala ya mume wangu ilikuwa juu ya nyavu, na siikumbuki.

Ninyi mnaojaza orodha za maktaba, andikeni kisichopo. Kuna mtu anaisoma orodha yenu huku ameshika nakala ya mwisho.