Mwaka Udongo Uliponikataa

Kijijini Lundo

Mjukuu wangu Editha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako bado anakohoa na dagaa wetu, usipa, wamekuwa adimu ziwani, lakini tunakula.

Unasema wenyeji wako huko mjini wamekupa chumba, chakula na rangi kwa mwaka mzima, na miezi minne sasa hujachora kitu. Unauliza kama urudi nyumbani.

Mimi nami nilialikwa Dar es Salaam mwaka mzima pamoja na wafinyanzi wengine. Tulitunzwa vizuri. Mwezi wa tatu ikaja barua kwamba mama, aliyenifundisha kufinyanga, amefariki na wameshamzika. Tangu hapo udongo ukanikataa.

Nikamwambia Mama Rehema, aliyetusimamia, "Nirudisheni kwetu. Nakula bure."

Akanijibu, "Hatukukuita kwa ajili ya vyungu tu. Nenda kaburini kwa mama yako. Chumba chako hatumpi mtu."

Nikaja, nikalia na baba wiki mbili, nikarudi. Mwaka ule nilitoa chungu kimoja tu, cha kupikia, kama vya mama. Mama Rehema hakukipeleka kwenye maonyesho. Alikitumia kupika maharage, tukala wote, na siku hiyo ndipo nilipoweza kumtaja mama mbele ya watu.

Editha, kuna jambo limekuumiza na hujaniandikia. Kama kuniambia mimi ni vigumu, mwambie hata mmoja wa hao wanaokupikia.

Ni mimi bibi yako,
Agnesia