Taa za Motokari ya Marehemu Léonard

Hewa Bora, Lubumbashi
Jumapili, tarehe 20 mwezi wa kumi 2024

Mpendwa mdogo wangu Myriam,

Amani iwe nyumbani mwako, kuanzia mlangoni hadi jikoni. Hamjambo huko Kalemie? Goti la Mama Constance limetulia, au bado linamsumbua akienda kanisani? Na wewe, kile kikohozi kimekwisha? Sisi hapa tu wazima. Exaucée alikuwa na mafua ya vumbi, lakini tangu mvua ya kwanza iliponyesha amepona, na anakula kama zamani.

Simu ilikatika juzi ulipokuwa unaniuliza kama motokari imeuzwa. Hilo si jambo la maneno mawili. Jirani yetu Chishimba anakuja huko kuwaona wakwe zake, basi nampa barua hii akuletee.

Haikuuzwa. Kaa vizuri nikueleze.

Tangu tulipomzika mume wangu mwaka jana, motokari ilibaki palepale alipoiacha, mbele ya nyumba, jua lote lake na mvua yote yake. Mimi sikujua kuendesha, na Exaucée hajui. Aliyeitunza ni shemeki Gérard, mdogo wake Léonard. Alikuja kuwasha injini ili betri isife, na kila akija alikuwa na neno lilelile: tuiuze. Hakai, hanywi hata maji. Anawasha, anazima, anasema tuiuze, anaondoka.

Mwezi wa nane alikuja na mnunuzi, bwana mmoja wa Makomeno. Yule bwana aliizunguka motokari mara moja tu, akagonga taa ya mbele kwa kidole. Taa zote mbili zilikuwa zimegeuka njano, zimejaa ukungu, huoni ndani.

"Hii motokari iko kipofu," akasema, akacheka.

Gérard hakucheka. Mimi niliingia ndani. Wewe unakumbuka jinsi Léonard alivyokuwa akiiosha kila Jumamosi. Hata sisi hatukuoshwa vile.

Exaucée alikasirika kunishinda. Mwanangu yule ana moyo wa moto. Majirani walikuwa wamekwisha kumjaza maneno, kwamba baba yake mdogo anataka kula mali ya kaka yake, kama tunavyoona katika nyumba nyingi za wajane. Akaacha kumsalimia. Nilipomkanya, akanijibu, "Mama, kama haiko vile, mbona baba mudogo iko na mbio ya kuuzisha?"

Basi akasema, kama ni kuuzwa, iuzwe ikiwa inaona. Alikuwa ametazama kwenye simu jinsi watu wanavyosafisha taa nyumbani. Tukaanza na dawa ya meno. Tulisugua kwa kitambaa mpaka mikono ikanukia. Taa zikang'aa, tukapiga makofi. Wiki haijaisha, jua likazirudisha njano.

Nikatafuta msasa wa maji kule Kamalondo, ninakoshona sare za shule. Nilirudi na wa aina tatu: wa kukwaruza kidogo, ulio laini, na ulio laini kama karatasi. Exaucée alibandika utepe pembeni ya taa tusije tukachubua rangi. Kumbe, Myriam, zile taa si kioo! Ni plastiki, na jua huila ngozi yake ya juu. Ngozi hiyo iliyokufa ndiyo inayotolewa. Tukamwaga maji, tukasugua, na maji yakashuka ya njano, mazito. Lakini taa zenyewe zikawa nyeupe kama zimepakwa unga, mbaya kuliko mwanzo. Nikakaa chini. Nilidhani nimeiharibu motokari ya mume wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

"Endelea, mama," Exaucée akasema. "Hapa ni paka katikati tu, haijaisha."

Tukaendelea na msasa laini, kisha ule laini zaidi, tukimwaga maji kila mara. Baadaye tukachukua dawa ya kung'arishia rangi ya motokari, tukazungusha kitambaa taratibu. Ukungu ukaanza kuondoka. Kwanza niliona balbu kule ndani, kisha nikauona uso wangu. Mwisho tukapaka vanishi ya kuzuia jua na kuiacha ikauke. Siku hiyo nilisonga bukari ya unga wa mahindi nikikimbilia mlangoni kila mara kutazama kama kuku hawajairukia.

Gérard alikuja kesho yake kutuambia kwamba bwana wa Makomeno atarudi Jumamosi. Alifungua mlango wa lupango, ua wetu, akapiga hatua moja, akasimama. Motokari ilikuwa imemwelekea. Akashika mlango, kisha akajikalisha juu ya matofali yaliyo pale ukutani. Exaucée alikunja mikono, akingoja ugomvi. Alidhani Gérard amekasirika kwa kuwa hatukumwomba ruhusa.

"Shemeki, iko nini?" nikamuuliza.

"Ninafungua mulango," akasema, "ninaona sawa vile yaya Léonard iko mu nyumba."

Kisha akatoa yale ambayo hakuwahi kuyasema tangu mazishi. "Honorine, bantu banasema ninataka kula mali. Ninajua. Mimi ninataka paka motokari itoke hapa tu. Kila nikiingia humu, moyo unakimbia mbele yangu, unasema Léonard amerudi kutoka kazini. Halafu ninakumbuka. Shiwezi tena."

Myriam, nilitazama pembeni ili asione machozi yangu. Exaucée aliingia ndani. Aliporudi alikuwa na maji katika kikombe, akainama kwa heshima, akasema, "Baba mudogo, kunywa." Akanywa yote.

Mimi nikamwambia, "Gérard, hata mimi ninamutafuta kila siku. Lakini hii motokari shitauzisha. Ninabeba sare ku kichwa toka Kamalondo mpaka shingo imechoka. Unifundishe kuendesha."

"Na ule wa Makomeno?"

"Umuambie kipofu ameona, na amekataa kuenda naye."

Akacheka mpaka akakohoa. Akatoa simu palepale na kumwambia yule bwana asije.

Sasa kila Jumapili baada ya misa tunakwenda kwenye uwanja wa mpira. Nimezima injini mara ambazo sitaki kuzihesabu, na mlingoti mmoja wa goli umenijua vizuri. Exaucée anatufuata, anacheka, na Gérard anamfukuza kwa mkono kama zamani. Wiki iliyopita mvua ilitukuta tukirudi, mbingu ikafunga mapema. Nikawasha taa. Njia yote ikawa mbele yangu: akina mama na mabeseni yao, mwanaume anasukuma kinga, baiskeli yenye magunia ya makaa, mashimo na maji yake.

"Punguza, kuko bantu," Gérard akasema.

"Nimebaona," nikamjibu.

Siku ya kwanza nilimwomba aendeshe yeye ili nitazame miguu yake. Alikataa, na mpaka leo anakataa. Anakaa upande wa abiria, mkono nje ya dirisha, palepale alipozoea kukaa wakati Léonard akiendesha. Na mimi niko kwenye kiti cha Léonard. Tunazunguka uwanja hivyo. Naona hata yeye anapona.

Msalimie sana Mama Constance, mwambie amsamehe Gérard kama alikuwa amesikia yale maneno ya majirani. Msalimie mume wako Katongo, na Syntiche umbusu mashavu yote mawili. Exaucée anakukumbatia.

Mungu awalinde mchana na usiku, awape samaki ziwani na usingizi mzuri nyumbani.

Ni mimi yaya wako, dada mkubwa nikupendaye bila kuchoka,

Honorine